Kitambaa cha Mwalimu wa Filimbi

Hadi leo mlango wangu ukigongwa sifungui mara moja. Nasimama katikati ya chumba, nauliza ni nani, nasubiri sauti, na hata nikiitambua sauti naangalia kwanza mwanangu Furaha yuko wapi. Ugonjwa huu niliupata kwa ajili ya filamu ya televisheni juu ya muziki wa Ireland. Ukiwaambia hivyo watu wa Yeoville, mtaa wetu hapa Johannesburg, wanacheka. Mimi sicheki. Mtu wa Uvira, Kongo, msusi wa nywele hapa Rockey Street, Ireland ningeijulia wapi? Niliijua kwa ajili ya mtu mmoja, naye ndiye ninayemwandika hapa, kwa sababu watu wengi wameshamwandika bila kumjua hata kidogo, na maandishi yao bado yamo kwenye simu, yeyote akitaka anayasoma.

Tulimwita Mwalimu. Watoto walisema Mwalimu wa Filimbi, wasimchanganye na walimu wao wa shule. Alikuwa Mkenya, mjane, mstaafu, akikaa kwa mwanawe kule juu Observatory, nyumba zenye kuta na mageti ya umeme. Mwanawe anafanya kazi benki Sandton. Kwao hasa ni wapi, wazazi wake kina nani, sikumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kuulizwa.

Kila Jumamosi alishuka kwa miguu hadi ukumbi wa kanisa letu. Raba nyeupe, sketi ndefu, mwavuli hata kama hakuna wingu, chupa ya chai ya maziwa, na mfuko wa plastiki wenye filimbi za bati zilizoviringishwa ndani ya taulo. Taxi hakupanda. Alisema hawezi kumkabidhi roho yake mtu anayerudisha chenji huku anaendesha. Siku moja pale kwenye robot, taa za barabarani, taxi ikampigia honi, naye yuko katikati ya barabara. Alisimama. Mimi niliyekuwa nyuma yake nikasema leo tunazika. Akainua mwavuli, akamwelekezea dereva kupitia kioo: “Kijana! Shule ulisoma wapi wewe?” Alisema kwa Kiingereza, ile sauti ya ubaoni. Dereva, jitu zima lenye shingo kama gogo, akainamisha kichwa. “Sorry, Gogo,” akasema, yaani bibi kwa Kizulu. Akangoja mpaka Mwalimu amefika ng’ambo, na hata mimi nikapitia humo humo.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho sisi kina mama tulikisema sana. Ndani ya mkono wa sweta yake, upande wa kushoto, daima kulikuwa na kitambaa cheupe kilichotariziwa pembeni, kimepigwa pasi, kimekunjwa. Na hakukitumia. Akipiga chafya alitafuta karatasi ya chooni. Akitokwa na jasho alijifuta kwa kiganja. Solange, mwenye saluni ninayofanyia kazi, alisema kile si kitambaa, ni hirizi. “Maman, mtu gani anabeba mouchoir kama hati ya nyumba?”

Furaha alikuwa na miaka sita nilipompeleka. Nilimpeleka kwa sababu ni bure, na kwa sababu Jumamosi saluni hujaa na mtoto akibaki ghorofani peke yake siwezi kusuka. Baba yake ni mlinzi, hulala mchana. Bon, nikampeleka. Mwezi ukaisha, wa pili ukaanza, mtoto hajashika filimbi. Anakaa kwenye duara na wenzake, anagonga goti, anarudi nyumbani. Nikaenda kumwona Mwalimu nikiwa nimewaka.

“Mwalimu, mwanangu mwezi wa pili huu anakaa tu.”

“Anakaa?”

“Anakaa.”

“Basi anajifunza. Wewe Mama Furaha, ulipomzaa, aliongea siku hiyo hiyo?”

“Hapana.”

“Alikuwa anafanya nini?”

Akajijibu mwenyewe.

“Alikuwa anasikiza. Kuja umchukue saa sita. Na usikuje mapema, unasumbua wengine.”

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: sikio kwanza, halafu kidole, pumzi mwisho. Hakuna aliyegusa wimbo asioujua. Na nyimbo zenyewe, za Ireland, hazina maneno. Zinazunguka tu, zinarudi pale pale zilipoanzia kama mtu aliyesahau funguo. Watoto walizipa majina yao. Moja ya haraka sana waliiita Ile ya Kuku, kwa sababu ukiisikia unamwona kuku anayekimbizwa uani siku ya sikukuu. Kila wimbo ulipigwa mara tatu, si mbili, si nne. Mwalimu alisema: ya kwanza unasalimia, ya pili unakaa, ya tatu unaaga. Mtoto akikosea hakumkaripia kwa kukosea. Alimkaripia kwa kukosea kimya kimya. “Ukikosea, kosea kwa sauti, nikusikie! Nitakurekebisha aje na umejificha?” Neno hili nililipenda. Nililitumia nyumbani kwa mume wangu. Baadaye nililitumia kwake mwenyewe, nitafika huko.

Tulipogombana kwelikweli ilikuwa juu ya jasho. Sisi Wakongo, mtu akiimba vizuri au akipiga gitaa vizuri, hatukai kama tuko benki. Unainuka, unamwendea, unacheza mbele yake, unatoa kitambaa unamfuta jasho: paji la uso, shavu hili, shavu lile. Maana yake ni kwamba tumeona unavyojitoa. Kanisani kwetu hufanyika kila Jumapili. Basi mwisho wa mwaka ule watoto wakapiga mbele ya wazazi, na Furaha wangu yuko kati yao, anapiga, macho kayafumba, jasho linamtiririka. Ningekaa? Nikainuka na kitambaa changu. Sijafika, mwavuli umenizuia kifuani.

“Mama Furaha, keti.”

“Mwanangu anatoka jasho!”

“Jasho ni lake. Mwachie. Huu si muziki wa kurukiwa. Ni wa kukaliwa.”

Nikaketi, kwa hasira hiyo ambayo masikio yanapiga kelele. Kina mama wakaniangalia. Nikamwambia Solange, huyu mama moyo wake umepigwa pasi kama kile kitambaa. Halafu Jumapili moja natoka ibadani kumnywesha maziwa mtoto wa dada yangu, mama yake akiwa anaumwa, nani namkuta nyuma ya ukuta wa kanisa? Mwalimu, na mwavuli wake. Ndani magitaa yamefika pale pa moto, kina mama wanawafuta waimbaji, na yeye anachungulia dirishani. Kiuno kinakwenda. Kidogo, lakini kinakwenda, na kwa mapigo sahihi. Aliponiona akasimama wima.

“Natafuta kivuli,” akasema.

Kulikuwa na mawingu toka asubuhi.

Sasa kuhusu simu yake. Alikuwa kwenye kundi moja la Facebook la wapenzi wa muziki ule, watu wa Ireland, Amerika, Australia, kila pembe. Mimi ndiye niliyemwekea data, kwa hiyo niliona. Picha yake haikuwa uso. Ilikuwa tawi la jakaranda limechanua. Jina aliloandika ni la ubatizo tu. Alibishana nao kama wakili: wimbo huu unapigwa polepole zaidi, noti ile si ya hapo, nani amewadanganya. Nao walimheshimu. Walimwuliza, wakamshukuru, Krismasi wakamtumia salamu. Kwa miaka. Hakuna aliyejua kwamba jakaranda ile ni mama mweusi anayeshuka Observatory kwa raba. Nilimwuliza, kwa nini usiweke uso wako? Akasema, “Wananisikiza vizuri hivi.”

Ni humo alimoweka siku moja sauti ya watoto wakipiga Ile ya Kuku, bila kusema ni watoto wa nani. Na ni humo kijana mmoja wa televisheni, Mwaireland mwenye ndevu, alimomwandikia pembeni. Walikuwa wanatengeneza filamu kuhusu safari ya muziki wao duniani. Wangependa kuja.

Walikuja jakaranda zikiwa zimemwaga maua barabarani, lile joto linalotangulia mvua za kwanza. Na Mwalimu, ambaye alikuwa na akili kuliko wengi ninaowajua, akawavalisha watoto masweta ya sufu. Ya kijani, amefuma mwenyewe. Alisema masista wa Ireland waliomfundisha utotoni Kenya hawakuwahi kumruhusu mtoto kupiga bila sweta. Nikamwambia, Mwalimu, watoto watachemka. Akasema kipindi ni kifupi. Taa za wale watu zikawashwa, madirisha yakafungwa ili honi za taxi zisiingie, na ukumbi ukawa tanuri.

Furaha alikaa katikati. Walipofika mara ya pili ya Ile ya Kuku, jasho lilikuwa limeingia machoni, macho mekundu, uso wote unang’aa, na vidole havikosei hata kimoja. Mimi nimekaa ukutani nimejishika mikono, namheshimu Mwalimu na muziki wake wa kukaliwa. Hapo ndipo alipoinuka. Yeye. Akaweka mwavuli chini. Akachomoa kile kitambaa kwenye mkono wa sweta, akakikunjua, mara ya kwanza tunakiona kimekunjuka, akamwendea mwanangu na kumfuta: paji la uso, shavu hili, shavu lile. Taratibu, kama sisi. Ukumbi ulilipuka. Vigelegele mpaka vioo vikalia. Solange alitupa kiatu. Nikalia mimi, si mtoto. Furaha aliendelea kupiga, mara ya tatu, akaaga.

Ingekuwa dunia nzuri hadithi ingeishia hapo.

Filamu ilionyeshwa Jumapili mchana, mwaka uliofuata. Tulijazana saluni kwa Solange, kina mama, watoto, mpaka wateja wenye rola kichwani. Mwalimu hakuja. Alituma ujumbe kwamba amechoka. Tukaona Ireland, majani mabichi na mvua. Tukaona wazee wakipiga kwenye baa. Ikaja picha moja ya zamani ya Afrika, nyeusi na nyeupe: sista wa kizungu anatabasamu, na mstari wa wasichana wadogo na filimbi zao. Halafu tukajiona sisi. Saluni ikapiga kelele. Lakini mimi nilisogea karibu na televisheni, kwa sababu vigelegele havikuwamo. Walikuwa wamevitoa. Badala yake waliweka kinanda cha huzuni, na picha imepunguzwa mwendo, na unachoona ni mama mzee mwenye uso mkavu anamfuta uso mtoto mwenye macho mekundu, na mtoto haachi kupiga.

“Mbona kama msiba?” nikauliza.

“Wivu wako,” Solange akasema. “Tazama nywele! Nimesuka mimi zile! Mbona hawakuandika jina la msusi?”

Mwanzoni simu zilileta asali. Wakenya wa Sandton walisambaziana: Mkenya wetu kwenye TV! Wapenzi wa muziki ule waliandika mioyo na machozi ya furaha. Ile picha ya sista ndiyo iliyopendwa kuliko yote. Waliandika, nyakati zile, watoto wale, furaha safi. Wengine walibishana kama Furaha anaongeza noti isiyokuwepo. Mmoja akasema msichana huyu ana kosa, mwingine akasema kosa ni baba yako. Tulikuwa tunacheka. Mimi nasuka, Solange anasoma na kutafsiri.

Halafu akaigeuza simu kifudifudi.

“Soma.”

“Hapana, ni ujinga tu.”

“Soma, Solange.”

Mwanamke mmoja alikuwa ameandika: mtazameni mtoto huyu, analia. Bibi anamfuta machozi na kumlazimisha aendelee. Hakuna anayeona? Na tangu hapo, wote waliona. Jasho la mwanangu likawa machozi kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Yeoville. Walikata kile kipande, wakakipunguza mwendo zaidi, wakachora duara jekundu kwenye shavu lake. Maskini mtoto. Mzee mkatili. Nani atamwokoa? Mmoja akaandika kwamba yeye ana chumba cha ziada, dirisha linatazama bustani, angeweza kumchukua. Chumba! Mwanangu ana mama! Nilirusha kitana kikagonga kioo. Na watu wa hapa hapa wakaingia na yao: hawa makwerekwere, tusi lao kwa sisi wageni, wanafanya nini kwenye ukumbi, nani kawapa ruhusa. Mtu mwingine akalisoma bango la kanisa nyuma ya watoto na kuliandika wazi, jina na mtaa. Na katika kundi la Mwalimu mwenyewe, wale marafiki wa miaka waliuliza: Jakaranda, wewe uko Johannesburg, unamjua huyu mwanamke? Una maoni gani?

Jakaranda hakujibu.

Wiki ile ile mlango uligongwa. Alikuwa mama wa ustawi wa jamii, mwenye kitambulisho shingoni. Alisema simu nyingi zimepigwa ofisini kwao, anatakiwa kuongea na mtoto. Atarudi Alhamisi, mzazi awepo. Majirani wote walikuwa milangoni. Mtu asiye na karatasi ya kudumu anaijua hodi ya namna hiyo. Sisi karatasi yetu ya ukimbizi tunaiongeza kwa kupanga foleni, kila mara unajiuliza leo nitaambiwaje. Sasa ongeza mtoto. Baba Furaha alisema tuhamie Cape Town. Nikamwambia ukikimbia ndiyo umekiri. Akasema ukikaa ndiyo umengoja.

Nikapanda Observatory. Mwanawe akafungua geti nusu. “Mama hatazungumza na mtu. Tunashauriana na wakili.” Nikapita chini ya mkono wake.

Mwalimu alikuwa varandani anamimina chai.

“Mwalimu, wanasema ulimliza mwanangu. Alhamisi anakuja mtu wa serikali nyumbani kwangu. Njoo useme. Au waandikie wale watu wako. Neno moja: ni jasho.”

“Kunywa chai.”

“Sinywi chai!”

“Nikisema, wataamini?”

“Sijui kama wataamini! Nataka usikike! Si wewe uliyetufundisha, ukikosea kosea kwa sauti? Sasa hujakosea hata, na umenyamaza?”

Aliviangalia vidole vyake. Vilikuwa vimepinda kwenye viungo, nikafikiri ni uzee. “Mama Furaha,” akasema, “hilo neno mimi siwezi.”

Nikashuka kilima nikisema na nafsi yangu kama kichaa. Niliapa mwanangu hatakanyaga kwake tena.

Alhamisi niliosha nyumba hata chini ya friji. Nilinunua matunda nikayaweka juu ya meza kama nyumba ya matangazo. Nilimfundisha Furaha maneno, halafu nikaogopa ataonekana amefundishwa, nikamwambia sahau. Mama yule alikaa kwenye kiti chetu kizuri, akaanza kumsemesha mtoto kwa Kizulu. Kizulu changu mimi ni cha sokoni. Wanasema, wanajibizana, Furaha anaonyesha shingo yake, uso wake, na mimi nakaa pale sijui mwanangu anasema nini juu ya maisha yangu. Wakacheka. Sikujua wanacheka nini. Nilikuwa nimeshika pembe ya kanga mpaka nyuzi zikaachia.

“Amesema nini?” nikauliza kwa Kiingereza.

“Amesema sweta ilikuwa inawasha,” mama yule akajibu. “Na kwamba siku hiyo ndiyo Gogo alimfuta, na yeye ndiye pekee aliyewahi kufutwa, na wenzake walimwonea wivu mpaka wakamnyima chipsi.”

Nikamweleza desturi yetu. Nilieleza vibaya, nikainuka, nikaonyesha kwa mikono, nikacheza pale katikati ya chumba, nikamfuta mume wangu uso naye amesimama kama mlingoti. Mama wa ustawi akanitazama. Akasema, “Sisi, kanisani kwetu mchungaji akihubiri kuna mama ambaye kazi yake ni taulo tu. Akiumwa, tunagombania ile taulo.” Akala ndizi moja. Akasema kwa upande wake limekwisha, haoni tatizo hapa. Mlangoni akageuka: “Ila yule Gogo angeongea mwenyewe, watu wangenyamaza mapema.”

Ndivyo nami nilivyosema. Ndiyo maana sikumsamehe. Furaha nilimtoa. Jumamosi alikaa saluni chini ya meza, ameshika kijiko, anagonga vidole juu yake bila sauti. Nilijua ni Ile ya Kuku, kwa haraka ile. Mara tatu, halafu anaweka kijiko chini. Ukumbini watoto walipungua, mmoja mmoja, mpaka Mwalimu akaacha kushuka. Taxi zikabaki na honi zao.

Mwezi wa saba mwaka 2019 mwanawe alinipigia. Anamrudisha mama yake Kenya, kifua kimekuwa kibaya, baridi ya Joburg haimfai. “Anamuulizia Furaha.” Nilitaka kusema hapana. Nikamtazama mtoto na kijiko chake.

Tulimkuta sebuleni kati ya maboksi, blanketi magotini, amekonda, mikono ya sweta imekuwa mipana. Kitambaa kilikuwemo. Aliwapokea wote wawili, mtoto na hasira yangu, bila kutofautisha.

“Mama Furaha, wewe unajua mambo ya hizi mashini. Niwekee ile filamu.”

“Hujaiona?”

“Sijaiona.”

Nikaiweka kwenye ile televisheni yao kubwa. Ireland ikapita, mvua ikapita, wazee wa baa wakapita. Ikaja picha ya sista na wasichana.

“Simamisha hapo.”

Nikasimamisha. Akainuka na blanketi lake, akaenda mpaka karibu kabisa, akaweka kidole juu ya msichana wa mwisho upande wa kulia, yule ambaye nusu ya bega imekatwa. Nilikuwa nimeiona picha ile mara nyingi, na watu wa dunia nzima wameiona, wakaandika furaha safi. Sikuwa nimemtazama. Macho yake yamevimba hayafunguki vizuri. Filimbi ameishika kwa viganja, si kwa vidole.

“Ni wewe?” Furaha akauliza.

“Huyu sista alikuwa akitupiga vidole na filimbi yenyewe. Hiyo siku nilikosea wimbo. Halafu mwenye kamera akafika, tukaambiwa tusimame vizuri.” Alisema kama mtu anayesoma hali ya hewa. “Mtu wa kunifuta uso hakuwako. Hiki kitambaa nilijinunulia, kazi ya kwanza.”

Nikamrekebishia blanketi begani.

“Marafiki zangu wa kwenye simu waliipenda sana hii picha,” akasema. “Si waliipenda? Sasa mimi ningewaambia, huyu mtoto wa Yeoville halii. Wangeuliza, kwani nani analia? Ningesema nini? Ndiyo hilo neno nilishindwa. Na wewe ukapambana peke yako. Hiyo najua.”

Alirudi akaketi. Akamwuliza Furaha kama bado anakumbuka. Furaha akainua vidole, akavionyesha, kama anayeonyesha amenawa. Mwalimu akachomoa filimbi kutoka kwenye taulo. Mbili zilikuwa zimebaki nje ya maboksi; moja akampa mtoto.

Akaanza yeye, Ile ya Kuku. Pumzi ilikuwa fupi, kuku wake alikuwa mzee, akisimama kila baada ya hatua chache. Furaha hakuingia. Alisikiliza, anagonga goti, kama alivyofundishwa. Mara ya pili akaingia, akapunguza mwendo ili wakae pamoja, na palipokosekana pumzi ya mmoja ilijaza ya mwingine. Nje majani ya bustani yalikuwa meupe kwa barafu ya asubuhi, na ndani hawakuwa wamewasha hita. Nilikuwa naona mvuke wa midomo yao.

Uso wa Mwalimu ulikuwa umelowa mpaka kidevuni. Vidole vyake viko kwenye matundu, hawezi kuvitoa.

Nikainuka. Nikaingiza mkono ndani ya sweta yake upande wa kushoto, nikachomoa kitambaa, nikakikunjua. Nikamfuta paji la uso, shavu hili, shavu lile. Hakuninyoshea mwavuli.

“Jasho hilo, Mwalimu,” nikamwambia.

Alitoa filimbi mdomoni kidogo tu. “Ndiyo,” akasema. “Kuna joto humu.”

Akamwangalia Furaha, wakavuta pumzi pamoja, wakaanza ya tatu.